Mshono wa kifua: shajara ya mradi wa wodi ya moyo

Januari, wiki ya pili

Mradi umepata baraka za matroni na mkuu wa idara. Lengo ni kupunguza maambukizi ya mshono wa kifua kwa wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa moyo. Tuko muuguzi wa kuzuia maambukizi (ndiye mimi), sista wa thieta (chumba cha upasuaji), sista wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), daktari wa usingizi, mfamasia na mtaalamu wa maabara. Daktari bingwa wa upasuaji amesema atahudhuria vikao akipata nafasi. Sote tunajua maana yake, lakini jina lake liko kwenye orodha na kwa kuanzia linatosha.

Niandike kwanza kwa nini kifua, maana shajara hii itasomwa na wenzetu wa wodi nyingine. Ili moyo ufikiwe, mfupa wa kifua hupasuliwa katikati kwa msumeno kutoka juu hadi chini, na kazi ikiisha hufungwa kwa nyaya za chuma. Mfupa huo unahitaji wiki 6 hadi 8, na wengine zaidi, mpaka uungane. Usaha ukiishia kwenye ngozi, mgonjwa anasafishwa, anachelewa kurudi kwao, anapona. Ukipenya chini ya nyaya, umeingia palepale moyo ulipo. Hapo ni kurudi thieta, kufungua, kuosha, kukaa kwenye dawa za mshipa kwa wiki nyingi, na wapo wasiotoka. Wagonjwa wetu wengi ni vijana ambao vali zao, yaani milango ya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni. Wengi wanawekewa vali za bandia. Kijidudu kikifika kwenye vali ya bandia hakiondoki kwa maneno matamu.

Januari, mwishoni

Tumepitia mafaili ya mwaka uliopita. Kazi ya vumbi na macho.

Tulitarajia kukuta upungufu wa dawa. Hatukuukuta. Sindano ya sefazolini, antibayotiki ambayo ndiyo kinga yetu ya kawaida kabla ya kukata, ilikuwepo karibu kila mara. Kilichokosekana ni saa yake. Dawa hii inatakiwa iwe imeingia mwilini ndani ya dakika 60 kabla ya kisu kugusa ngozi, ili damu na nyama ziwe zimejaa dawa wakati vijidudu vinapopata mlango. Mafaili yetu yanaonyesha wengine walichomwa wodini alfajiri, kisha thieta ikasubiri kitanda cha ICU kiwe wazi, na kisu kikaanza wakati dawa imeshaanza kupungua. Wengine walichomwa kisu kikiwa tayari ndani.

Kuna kero ndogo iliyotuchukulia siku nzima: karatasi ya usingizi inaandikwa 08:10, karatasi ya wodi inaandikwa saa 2:10, na yule aliyeandika "saa 8" tu, je, ni mchana au asubuhi? Baadhi ya mafaili tumeshindwa kuyahesabu kwa sababu hiyo. Kuanzia sasa karatasi zote za mradi zinatumia saa 24.

Nimewasomea wenzangu matokeo ya utafiti wa Salt Lake City, Marekani, uliochapishwa 1992, wagonjwa 2,847 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Waliopata dawa ndani ya saa 2 kabla ya kukatwa, maambukizi yalikuwa 0.6%. Waliopewa mapema kuliko hapo, 3.8%. Waliopewa kwa kuchelewa, zaidi ya saa 3 baada ya kukatwa, 3.3%. Dawa zilikuwa zilezile za kinga. Daktari wa usingizi alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hii ni kazi yangu, msimwachie mtu wa wodi." Hilo ndilo nililotaka kusikia, ila sikumwambia.

Februari, wiki ya kwanza

Tumekubaliana. Sindano haichomwi tena wodini. Inasafiri na mgonjwa kwenye faili, inachomwa thieta baada ya usingizi kuanza, na kabla ya kukata sista anasoma kwa sauti: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Gramu 2 kwa mtu mzima, gramu 3 akiwa na kilo 120 au zaidi. Sista asiposikia jibu, hatoi kisu. Mtu mmoja aliuliza, "Na bingwa akikasirika?" Sista wa thieta akajibu kwamba bingwa amekuwa akikasirika tangu yeye ni mwanafunzi na hajawahi kumng'ata mtu.

Bado kuna dozi ya pili. Upasuaji wa vali unaweza kupita saa 4 kirahisi, na baada ya saa 4 dawa inatakiwa kurudiwa. Zaidi ya hapo, mgonjwa akiunganishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, maji yaliyoijaza mashine yanachanganyika na damu yake na dawa inazimuliwa. Nani akumbuke? Daktari wa usingizi ana mambo kumi mkononi. Tumempa kazi hiyo mwendesha mashine, kwa kuwa yeye tayari anaishi kwa saa: anahesabu dakika za moyo kusimama, anapima damu kwa vipindi. Ameweka kengele kwenye simu yake. Simu thieta! Tumebishana, tukakubaliana inafungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mashine na haiguswi. Mpaka hospitali itakapotununulia saa ya mezani ya kengele.

Februari, mwishoni

Nywele.

Wodini kwetu wembe umeondolewa. Wembe unaacha mikwaruzo isiyoonekana, na usiku kucha vijidudu vinajaa ndani yake kabla ya asubuhi ya upasuaji. Kuna utafiti wa 1992 kwa wagonjwa 1,980 wa upasuaji wa mishipa ya moyo: walionyolewa kwa wembe, 13 kati ya 990 walipata usaha ndani ya kifua, waliokatwa nywele kwa mashine ya umeme, 4 kati ya 990. Mashine tumenunua mbili, na vichwa vya kubadilisha. Na nywele zikiwa chache, haziguswi kabisa.

Tatizo limetoka tusikolitegemea. Wagonjwa wanafika wameshanyolewa. Baba mmoja alipita kwa kinyozi siku moja kabla ya kulazwa, akanyolewa kifua chote kwa wembe, akapakwa spiriti, akaja anang'aa. Kwake ni heshima: unakwenda kwa madaktari, unakwenda msafi. Mwanawe aliponiona nimekunja uso akasema, "Sista, tulidhani tunawasaidia." Walikuwa sahihi kudhani hivyo, hakuna aliyewaambia vingine. Sasa ujumbe wa simu wa kumjulisha mgonjwa tarehe ya kulazwa una mstari huu: "Usinyoe kifua, miguu wala kinena. Oga kwa sabuni. Tutakunyoa sisi ikihitajika." Miguu, kwa sababu wanaopandikizwa mishipa ya moyo mara nyingi wanatolewa mshipa wa mguuni, na mshono wa mguu nao unaoza.

Machi, wiki ya pili

Kikao kirefu juu ya pua.

Kijidudu tunachokiogopa zaidi, stafilokokasi aureasi, mara nyingi hakitoki kwa daktari wala kwenye kuta. Kinakaa puani mwa mgonjwa mwenyewe, kimetulia, mpaka siku apasuliwe. Uholanzi walionyesha 2010 kwamba waliogundulika kuwa nacho, wakapakwa marhamu ya mupirosini puani na kuogeshwa sabuni ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), walipata maambukizi ya kijidudu hicho 3.4%, wakati wale waliopewa visivyo na dawa ndani, kwa kulinganisha, walipata 7.7%. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza marhamu hiyo kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo na kifua wanaojulikana kuwa nacho.

"Wanaojulikana." Hapo ndipo ubishi ulipo. Maabara inahitaji siku 2 au 3 kuotesha kijidudu ili kionekane. Daktari mmoja kijana anataka tuwapake wote bila kupima, mambo yaishe. Mfamasia hataki kusikia: ukimpaka kila mtu, baada ya muda kijidudu kitaizoea marhamu na hutakuwa na kitu kingine cha puani. Mimi niko upande wa mfamasia, kwa sababu wagonjwa wetu hawaji kwa dharura. Wanasubiri tarehe kwa wiki, wengine kwa miezi. Muda wa kupima upo, tulikuwa hatuutumii. Tumeamua kijiti cha pua kichukuliwe kliniki siku ileile mgonjwa anapopangiwa tarehe. Akiwa nacho, anapaka mara 2 kwa siku kwa siku 5 kabla ya upasuaji.

Machi, wiki ya mwisho

Bibi mmoja amerudi na kichupa cha marhamu kimeisha siku ya pili. Alimpaka pia mjukuu mwenye vidonda vya mguu, "maana nilisikia inaua wadudu". Siwezi kumlaumu, na mjukuu anaendelea vizuri. Tumempa kingine, na tangu hapo mfamasia anaanza maelezo yake kwa kusema: hii ni ya pua yako peke yako.

Sabuni: tumeacha kununua ile ya klorheksidini kwa ajili ya kuoga wote. Kwa wenye kijidudu puani inabaki. Kwa wengine ushahidi kwamba inaishinda sabuni ya kawaida ni dhaifu, na Shirika la Afya Duniani linakubali yoyote kati ya hizo mbili. Fedha hiyo imekwenda kwenye klorheksidini yenye spiriti ya kupaka ngozi thieta, ambako ushahidi una nguvu. Iachwe ikauke yenyewe. Kuipangusa kwa kitambaa kwa sababu ya haraka ni kuitupa.

Aprili

Masika. Unyevu thieta umepanda, kipoza hewa cha chumba cha pili kimegoma tena, fundi amekuja, ameondoka, kimegoma. Pasuaji mbili zimeahirishwa. Afadhali kuahirisha.

Mwezi huu tumeutumia kwenye sukari. Hapa sista wa ICU ndiye aliyekuwa mwalimu. Mwili uliopasuliwa unapandisha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari, na damu yenye sukari nyingi inazilegeza chembe nyeupe zinazopaswa kula vijidudu. Saa za hatari ni usiku wa kwanza na wa pili, zamu ikiwa na watu wachache. Ndipo vipimo vyetu vilipokuwa vinakatika: saa 4 usiku kimo, saa 12 asubuhi kimo, katikati pametanda giza.

Portland, Oregon, walichapisha 1999 takwimu za wagonjwa 2,467 wenye kisukari waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Waliokuwa wanachomwa insulini chini ya ngozi, maambukizi ya ndani ya kifua yalikuwa 2.0%, waliowekwa kwenye dripu ya insulini, 0.8%. Tumechukua njia ya dripu, kipimo kila saa mpaka sukari itulie, na lengo ni isizidi 10 (milimoli kwa lita). Daktari kijana yuleyule wa kikao cha pua alitaka tushuke mpaka 4.5 hadi 6, kwamba kama kushusha ni kuzuri basi kushusha zaidi ni kuzuri zaidi. Sista akamtolea utafiti mkubwa wa 2009, wagonjwa 6,104 wa ICU: walioshushwa sana walikufa 27.5%, walioachwa chini ya 10 walikufa 24.9%. Sukari ikianguka usiku kwa mtu aliyelala usingizi wa dawa, hakuna atakayekwambia anatetemeka.

Kikwazo ni vijiti vya kupimia. Kupima kila saa kunakula boksi. Matroni ametoa idhini ya boksi la akiba kukaa ICU lenyewe, si stoo, kwa sababu stoo inafungwa jioni. Idhini hiyo ya karatasi nusu ukurasa nadhani imefanya kazi kuliko semina zote.

Mei

Tumemweka mwanafunzi mmoja kwenye kona ya thieta kuandika kila mlango unapofunguliwa na kwa nini. Hewa ya thieta inasukumwa ndani ikiwa imechujwa. Mlango ukifunguka, ile ya korido inaingia na vumbi lake. Orodha yake inachekesha na kuumiza. Uzi wa namba fulani. Betri. Nyaya. Mtu kuja kuuliza kama wamemaliza. Mtu kuja kusalimia. Tumetengeneza kikapu cha vitu vya akiba kinachoandaliwa jioni kabla, na dirisha la kioo limesafishwa ili anayetaka kujua kama wamemaliza achungulie. Kusalimiana bado.

Juni, wiki ya kwanza

Bingwa amehudhuria. Ndiyo, siku ya ajenda ya kusimamisha dawa.

Desturi ya hapa ni antibayotiki kuendelea mpaka mirija ya kifua (ya kutolea damu na majimaji) itoke, na wengine wanaondoka na vidonge vya wiki nzima. Miongozo inasema kinga iishe ndani ya saa 24, na kwa upasuaji wa moyo isivuke saa 48. Baada ya hapo huzuii chochote. Unafuga vijidudu sugu na kumharibia mgonjwa tumbo. Bingwa alisema maneno ambayo nilishawahi kuyasikia kwa wengi: "Wewe hujui hewa yetu, hujui wodi zetu. Hiyo miongozo iliandikiwa watu wenye hospitali safi."

Hoja hiyo haistahili kuchekwa. Nikamjibu kwa mifano ya kwetu. Hospitali ya Thika, Kenya, walibadilisha utaratibu huu na kuchapisha matokeo 2013: dawa zikahamishwa kabla ya kukata, zile za baada ya upasuaji zikapunguzwa sana, maambukizi hayakuongezeka na gharama zikashuka. Na mradi wa Shirika la Afya Duniani kwenye hospitali 5 za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe, uliochapishwa 2018, ulishusha maambukizi ya vidonda vya upasuaji kutoka 8.0% hadi 3.8% kwa mambo haya haya: kuoga, kutonyoa kwa wembe, dawa kwa saa yake, spiriti ya mikono na ya ngozi iliyotengenezwa hapohapo hospitalini. Si upasuaji wa moyo, alisema. Kweli. Lakini hewa ni yetu.

Tumekubaliana saa 48 na isizidi, na kwamba mgonjwa mwenye dalili ya kweli anaanzishiwa matibabu kwa jina la matibabu, baada ya kuchukua usaha kwenda maabara. Ametia saini. Alipotoka alimwambia sista wa thieta kwamba yeye huwa anasoma kwa sauti mno. Sista akasema, "Ahsante, Dokta."

Julai

Sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotuchosha: nyumbani.

Usaha wa ndani unaweza kujitokeza mpaka siku ya 90, na hapo mgonjwa yuko Kigoma, Newala au Pemba. Tumeanza kupiga simu. Swali "mshono unaendeleaje?" halifai, jibu lake ni "namshukuru Mungu" hata kama kifua kinavuja. Tunauliza: leo umebadilisha nguo kwa sababu ya majimaji? Ukikohoa unasikia mfupa unabofya? Unalala upande gani? Kubofya ndiko kunakonitisha, maana nyaya zimelegea au mfupa haujashika.

Picha za WhatsApp zinasaidia, mgonjwa akiridhia, lakini nimewaonya vijana wetu. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, au unaonekana kama rangi ya zambarau iliyokolea, au ngozi inang'aa tu. Kwa hiyo tunamwomba ndugu aweke mgongo wa kiganja juu ya mshono kisha kwenye bega, aseme wapi pana joto zaidi. Mama mmoja wa Tabora aligundulika hivyo, na mwanawe wa darasa la saba ndiye aliyepima.

Mengi ya nyumbani hayahusu vijidudu bali uzito. Tunamwambia mgonjwa asinyanyue zaidi ya kilo 5, anaitikia, kisha anajitwisha ndoo ya lita 20 kwa kuwa maji hayaji yenyewe. Au anajivuta kwenye bomba la daladala kwa mkono mmoja. Au anambeba mtoto mgongoni. Sasa hatuzungumzi na mgonjwa peke yake. Siku ya kuruhusiwa tunamwita mume, dada, wifi, yeyote atakayechota maji, na anaahidi mbele yetu. Bodaboda hapana. Kukohoa ni kwa kukumbatia kanga iliyokunjwa. Majivu, mafuta ya nazi, dawa ya mswaki na unga wa vidonge juu ya mshono hapana. Maji na sabuni, kukausha kwa kugusa, basi.

Kwa wanawake wenye matiti makubwa, uzito unaivuta ncha ya chini ya mshono, na ndipo unapoachia. Sidiria za hospitali za kufungia mbele ni ghali. Fundi cherehani mmoja jirani anazishona kwa kitambaa cha pamba, mkanda mpana, kifungo mbele. Zinavaliwa tangu siku mirija inapotoka. Kinamama wamezipenda kiasi cha kuziagiza wakiwa nyumbani.

Agosti

Utawala unataka bango lenye asilimia: "Maambukizi yamepungua kwa kadhaa." Tumekataa. Wagonjwa wetu si wengi, na tukio lenyewe ni la nadra. Wawili wakiugua mwezi mmoja asilimia inaruka, mwezi unaofuata hakuna na inaanguka, bila sisi kufanya lolote. Tutatoa hesabu baada ya mwaka kamili wa simu za siku 90.

Bango tulilokubali linaonyesha mambo tunayoyashika kwa mikono: dawa imeingia ndani ya saa 1 kabla ya kukata, dozi ya pili imekumbukwa, sukari ya usiku imepimwa, dawa imesimamishwa kabla ya kuvuka saa 48. La kwanza linakwenda vizuri. La pili linakwenda vizuri mwendesha mashine yule akiwa kazini, na linayumba akiwa likizo, kwa hiyo kengele itahamia kwenye saa ya mezani ambayo hatimaye imenunuliwa. Sukari ya usiku ni ya kusuasua mwisho wa mwezi, vijiti vikipungua. La nne bado lina watu wake wawili watatu, na majina yao ninayo.

Septemba simu zitaanza kupigwa na wauguzi wa kliniki, kwa zamu, kwa laini ya ofisi yenye salio. Mpaka sasa zimekuwa zikipigwa kwa simu yangu.